Mashine ikiacha kukojoa unazima

Kama umewahi kupanda boti ya Lamu kwenda Mokowe ama Shela utakua umeiona ile mashine ya nyuma inatoa kamrija ka maji pembeni, kanaruka kama mtoto anakojoa ukutani. Sisi mafundi tunasema mashine inakojoa. Yale maji ndo yanazunguka ndani kupoza injini, yakitoka kwa nguvu nahodha anakaa raha zake anapiga stori, yakikatika, hata kama mashine bado inavuma vizuri na boti inakimbia, unazima hapohapo, huongezi dakika mbili ati tufike kwanza, manake ndani bomba limeziba mchanga ama impela, yaani kile kifeni cha kusukuma maji, imekufa na chuma kinapata moto kimyakimya. Kelele utaisikia mwisho kabisa, na ukiisikia pistoni ishakwama, umemaliza mashine ya watu.

Nimeanza na mashine kwa sababu ndo kitu ninachokijua. Mimi ni fundi, niko mtaa wa Langoni hapa Lamu, na mimi ni mgonjwa wa akili. Nasikia sauti. Kwenye kadi yangu daktari aliandika skizofrenia, mtaani wanasema nina majini, na kuna watoto wa mtaa wa pili wana jina lao la kuniita ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mmoja wao siku hizi namfundisha kufungua plagi na ni mtoto mzuri.

Kabla sijaendelea. Makala hii inaongea kujiua. Njia sitaitaja, haimsaidii mtu yeyote. Kama wewe mwenyewe uko hapo sasa hivi, wacha kusoma, mwamshe mtu uliye naye nyumbani hata kama ni saa nane usiku, ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo. Makala utaikuta hapahapa kesho.

Haya.

Nilianza kumsikia 2019. Nilikua na miaka 22, nimepiga magoti kwenye karakana nasafisha kaburata ya mteja, redio imezimwa, nikasikia mwanamume anasema taratibu kabisa, sauti ya mtu mstaarabu, "Mwangalieni, mwangalieni anavyoshika spana." Nikageuka, hamna mtu, ni punda tu amesimama mlangoni. Kwa muda nilimshuku punda, wallahi. Ilichukua wiki kadhaa mpaka nikajua huyu mtu hana mwili, na mimi namwita Jamaa, mpaka leo ni Jamaa. Mwanzo alikua anatangaza tu kama mtangazaji wa mpira, sasa anakunywa chai, sasa anavaa kikoi, halafu akaanza kunitukana, halafu akaanza kunipa amri.

Nyumbani walifanya walichokijua. Kisomo siku saba, kombe la zafarani nikanywa mpaka meno yakawa ya njano, mafusho ya ubani. Sina ugomvi na kombe na wanaonicheka kwa hilo siwajibu, ule usomaji wa Quran wa usiku ndo kitu pekee kilichokua kinanilaza wakati ule. Lakini Jamaa hakuondoka. Mwaka 2021 nikapelekwa Mombasa nikalazwa wiki tano, nikapewa haloperidol, dawa ya kutuliza sauti. Siku ya tatu shingo ikajikunja yenyewe ikagoma kurudi, naangalia dari kama kuku aliyeshikwa, mpaka nikapigwa sindano ya kulegeza na kuongezewa benzhexol. Halafu miguu. Hii ya miguu naomba uisome vizuri kama una mtu wako anameza dawa hizi. Nilikua siwezi kukaa. Sio wasiwasi wa kawaida, ni kama kuna mtu ndani ya mifupa anataka kutoka, unasimama, unakaa, unasimama, unatembea wodi nzima usiku kucha. Mhudumu mmoja pale aliandika kwamba mgonjwa ni msumbufu. Miaka miwili baadaye ndo mtu aliniambia ile ina jina, akathizia, inaletwa na dawa yenyewe, na imehusishwa na mawazo ya kujiua, na inatibika, wanapunguza dozi ama wanabadilisha dawa ama wanaongeza kitu. Kumbe mimi sikua msumbufu. Ukiiona kwa mtu wako mwambie daktari kwa maneno hayo hayo, miguu haitulii, usimwachishe dawa mwenyewe.

Basi nikarudi nyumbani, na hapa ndo nataka kufika.

Nilirudi nimetulia. Jamaa amepungua, siku nyingine hata simsikii mpaka magharibi. Nyumbani furaha, bibi akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, majirani wakaja kunitazama, mtoto kapona. Kila mtu alikua ananitega masikio, naongea peke yangu ama siongei, nacheka ovyo ama sicheki, na kwa sababu sikua naongea peke yangu wakasema alhamdulillahi. Hakuna aliyeniuliza moyo uko vipi. Hata daktari hakuniuliza, aliuliza bado unasikia sauti, nikasema kidogo, akaandika anaendelea vizuri.

Sasa sikiliza. Sauti ilipopungua ndo nikaanza kusikia vitu vingine. Nikakumbuka kwamba nilisimama msikitini Ijumaa katikati ya hotuba nikapiga kelele. Nikakumbuka niliwaambia nini watu wa yule msichana niliyemposa, na kwamba posa ilirudishwa, kimya kimya, kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko matusi. Nikakumbuka mashine tatu za wateja nilizozifungua nikazitawanya sakafuni kwa sababu Jamaa alisema ndani mna kinasa sauti. Wakati wa wazimu hayo yote hayaumi, wewe ndo mwenye haki na dunia ndo imekosea. Akili ikirudi inarudi na bili. Unakaa kitandani na miaka 24 yako unajiambia mimi ndo huyu sasa, huyu ndo nitakua mpaka nizeeke, kula dawa, kunenepa, kuonewa huruma.

Watu wanadhani mgonjwa kama mimi anajiua kwa sababu sauti imemwambia. Inatokea, amri za sauti ni hatari na zisichukuliwe mzaha hata siku moja. Lakini mimi Jamaa aliniamrisha mwaka mzima na nikabishana naye mwaka mzima. Kilichokuja kunimaliza nguvu ni huzuni na aibu, zangu mwenyewe, na zilikuja wakati kila mtu anasherehekea nimepona. Madaktari wanalijua hili vizuri, hatari ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo ya ugonjwa na zile wiki za baada ya kutoka hospitali, na mgonjwa anayejielewa kwamba anaumwa anaweza kuwa kwenye hatari kuliko yule asiyejielewa kama kujielewa kwenyewe kumekuja na kukata tamaa. Wanalijua, ila kwetu hakuna aliyetuambia tukiwa tunafunga begi kurudi Lamu.

Shirika la Afya Duniani liliandika 2022 kwamba watu kama milioni 24 duniani wana skizofrenia, mmoja kwa kila 300. Kaunti ya Lamu nzima, sensa ya 2019, watu 143,920. Gawa kifundi tu unapata kama 480. Mimi nawajua wanne. Hao wengine wako vyumba vya ndani. Na katika watu 100 wenye ugonjwa huu karibu 5 wanakufa kwa kujiua. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilitetemeka, halafu nikaisoma tena nikaona kitu kingine, kwamba 95 hawafi hivo. Mimi niliwekwa upande wa 95 na dadangu, kwenye daka, saa tano usiku, kwa swali la maneno mawili.

Daka kwa wasiojua nyumba zetu ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Nilikua nimekaa pale gizani. Nilishaamua. Nilikua mtulivu sana, na hapo kwenye utulivu urudi kwenye ile mashine yangu, inavuma vizuri, maji hayatoki. Mchana ule nilikua nimempa mtoto wa jirani seti yangu ya spana, zile nzuri, nikamwambia nimekupa. Dadangu aliziona spana kwa mtoto. Hakusema kitu mpaka bibi amelala, akaja akakaa kiti cha pili, akafunga leso vizuri, akasema, "Kaka, nikuuze neno?" Kwetu kuuza ni kuuliza, watu wa bara msishtuke.

Nikamwambia uza.

"Wataka kufa?"

Hivo hivo. Hakuzunguka, hakusema una mawazo mabaya, hakusema usije ukafanya ujinga. Nilinyamaza mpaka punda mmoja akapita na mzigo wake na mwenyewe akatusalimu tukaitikia, hebu fikiria, salamu katikati ya hayo, halafu nikasema, "Naam."

"Leo?"

"Sijui. Nadhani."

Hakulia, alilia kesho yake. Hakuniambia ni haramu, najua ni haramu, hakuna Muislamu asiyejua, na mtu aliyefika pale ukimuongezea dhambi juu ya aibu unamsukuma tu. Alisema, "Basi leo hulali peke yako." Akaenda akaleta mkeka na mito miwili, tukalala chini sebuleni kama tulipokua wadogo, na asubuhi dawa zote zilikua zimehama chumbani kwangu, mpaka leo ziko kwake, ananipa za siku chache chache. Nilikasirika? Sana. Nilimwambia mimi si mtoto. Akasema nenda kanishtaki.

Kuna imani kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua unamtia wazo. Imechunguzwa sana na haiko hivo, kuuliza hakumpandi mtu wazo, na kwa wengi kunawapa afueni. Mimi nilichosikia kifuani nilipojibu naam ni kama kufungua kifuniko cha redieta, mvuke umetoka, joto bado lipo ila halipasui.

Kitu kimoja ambacho hatukukifanya ni kwenda hospitali usiku ule, na sababu yake inauma. Kifungu cha 226 cha sheria za jinai za Kenya kilikua kinasema kujaribu kujiua ni kosa, mpaka miaka 2 jela ama faini ama vyote. Dadangu aliogopa kwamba akisema ukweli kwenye meza ya mapokezi nitaandikiwa polisi. Kwa hivo alisema kaka ana homa, tena kesho yake. Watu wangapi wamesema homa. Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba, kwenye kesi iliyopelekwa na tume ya taifa ya haki za binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili. Tulikua tunakula chakula cha mchana habari ilipotoka. Dadangu aliweka kijiko chini, akasema, "Sasa ntasema si homa," akaendelea kula.

Baada ya usiku ule ndo nikaanza kujifunza kazi ya kutuliza hisia, na ninaita kazi kwa sababu ni ufundi kama ufundi mwengine, una vifaa. Alienifundisha ni mshauri mmoja wa Malindi, kwa simu mara nyingi, na mara mbili kwa uso. Alinipa habari za mama mmoja wa Marekani, Marsha Linehan, aliyetengeneza tiba inayoitwa DBT kwa ajili ya watu wanaotaka kufa kila siku. Kitabu chake cha tiba kilitoka 1993 na kila mtu akamjua kama profesa wa Seattle, halafu 2011 akajitokeza gazetini akasema yeye mwenyewe alikua hivo, alilazwa 1961 akiwa na miaka 17, akakaa hospitali miezi 26, na unajua waliandika nini kwenye faili lake? Skizofrenia. Baadaye alisema walikosea, ugonjwa wake ulikua mwengine. Mimi niliposikia hivo sikujali walikosea ama hawakukosea. Aliandikwa neno langu na akatoka akatengeneza vifaa.

Ila vifaa vyake vingine kwetu sisi wa sauti havikai mpaka uvichonge. Mfano kuna kile cha kuangalia ukweli, yaani hisia ikija jiulize, ukweli wa mambo unaunga mkono hisia hii? Vizuri sana kwa mtu ambaye ukweli wake unakubalika. Mimi ukweli wangu siku mbaya una kinasa sauti ndani ya kaburata. Nilimwambia mshauri, mama, ukiniambia niangalie ukweli nitaangalia na nitauona, na ndo utaniua. Akacheka, halafu akaniuliza, kwani kwenu jambo zito mnalithibitisha vipi? Nikasema kwa mashahidi. Ndoa hamna bila mashahidi wawili. Akasema basi.

Toka siku ile hisia yangu haipati hukumu bila mashahidi wawili. Hasira ikisema yule mteja ananidharau, aibu ikisema mtaa mzima unaniongelea, huzuni ikisema nyumbani watapumua nikiondoka, sibishani nayo na siitii, naiweka korokoroni mpaka niulize dadangu na fundi mkuu. Fundi mkuu ni mzee wa maneno matatu kwa siku. Nikamwuliza, "Mzee wangu, yule bwana wa boti ya bluu ananidharau?" Akasema, "Ana njaa." Kesi imekwisha.

Kifaa kingine ni kufumba macho na kusikiliza pumzi. Kinapendwa na kila mtu. Kwangu nikifumba macho na kukaa kimya nimempa Jamaa kipaza sauti na ukumbi mtupu. Wanaofanya kazi na watu kama sisi wanakifupisha, dakika chache, macho wazi, mtu anakuongelesha mara kwa mara. Mimi nafanya na mikono, nashika boliti baridi nahesabu uzi wake kwa kucha.

Halafu maji. Hiki ndo kifaa changu namba moja na nacheka kila nikikifikiria. Mshauri aliniambia hisia ikipanda mpaka mawazo hayafanyi kazi, usijaribu kufikiri, badilisha mwili kwanza, maji baridi usoni huku umezuia pumzi kidogo, mapigo ya moyo yanashuka yenyewe, mwili wa binadamu umeumbwa hivo. Akaniambia pia mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza, na kwa sababu dawa zetu nyingine zinagusa moyo mimi niliuliza. Nikarudi nikamweleza bibi hii sayansi mpya ya Marekani. Bibi akanitazama. "Mwanangu, si ni udhu huo?" Akanikumbusha aliyokua akitufundisha tukipigana, hadithi ya Mtume, ukighadhibika umesimama kaa, isipoondoka lala, na hasira ni moto na moto huzimwa kwa maji. Miaka yote nilidhani anatunyamazisha tu.

Basi ndo nafanya hivi. Chooni kwetu kuna birika la zamani la chokaa, maji yake hayaoni jua kwa hivo ni baridi hata mchana wa Februari, na ndani mna visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Nachukua kata, nainama, namwagia uso taratibu kutoka kwenye paji, nasimamisha pumzi, nahesabu mpaka kumi na tano, natoa. Tena. Mara ya kwanza visamaki vinakimbilia kona, mara ya tatu vinarudi, mara ya nne ama ya tano vinakuja kuangalia kama nimeleta chakula, na mimi nimeshaanza kuviangalia. Hapo ndo najua imeshuka. Jamaa anaweza kuwa bado anaongea. Anaongea, ila anaongea na mtu mwengine aliyetulia kidogo.

Hili la kwamba sauti inaweza kubaki na wewe ukaishi lilinichukua muda. Mwaka 1987 daktari mmoja wa Uholanzi, Marius Romme, alikwenda kwenye televisheni na mgonjwa wake akawaomba watazamaji wanaosikia sauti wapige simu, na wakapiga mamia, na kumbe baadhi yao walikua wanaishi nazo tu, wana kazi, wana watoto. Mimi nilikua nimeiweka furaha yangu yote kwenye siku Jamaa atakapokufa. Siku hizi siisubiri. Namwambia nina kazi, njoo baada ya isha.

Na kuna dawa. Watu wa hisia na pumzi wakati mwengine wanaisahau dawa na mimi sitaki kuwa hao. Ipo moja inaitwa klozapini ambayo ndo iliyothibitishwa kupunguza majaribio ya kujiua kwa wenye skizofrenia, utafiti ulitoka 2003, waliwafuata wagonjwa 980, nusu klozapini nusu olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huuhuu. Tatizo lake inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, kwa hivo lazima upimwe damu, mwanzo mwanzo kila wiki, na kwa mtu wa kisiwani ambaye kila kitu ni boti kwanza halafu basi, kila wiki ni neno kubwa. Daktari wangu ameitaja, tunaiongelea. Kwa sasa niko kwenye sindano ya kila mwezi na miguu inatulia.

Kuna siku nilimuuliza ustadhi wetu, nikiwa nimejiandaa kupigwa mawaidha, kwamba mtu kama mimi aliyekaribia vile ana hesabu gani. Aliniambia kalamu imeinuliwa kwa watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Nikamwambia akili ilikua imenirudia ustadhi, hapo ndo nilipotaka. Akakaa kimya mrefu. Halafu akasema, "Basi hapo ulikua mgonjwa wa kitu kingine na hatukukizuru." Sijui kitabu gani kina jibu hilo. Nimelibeba.

Nisikudanganye ukadhani nimepona. Maulidi ya mwaka jana, Lamu imejaa watu nisiowajua mpaka majumba ya watu yamegeuka gesti, matari usiku kucha, goma la fimbo kule Riyadha, mimi sijalala siku mbili, na kukosa usingizi kwangu ndo ile impela inaanza kufa. Ndani ya kava la simu yangu kuna karatasi, niliiandika na mshauri, inafuata mpango waliouanzisha Barbara Stanley na Gregory Brown kule Marekani. Mwanzo ni ishara zangu, na ya kwanza imeandikwa "nagawa vifaa." Halafu vitu vya kufanya peke yangu, halafu mahali pa kwenda penye watu, halafu nani wa kuambia, halafu kliniki na namba, na mwisho nyumba iwe imeondolewa nini. Usiku ule nikajishtukia nimesimama kwenye usita, yaani njia ya mtaani, nataka kumpa bwana mmoja wa Pate tochi yangu. Tochi nzuri. Nikaiangalia mkononi.

Nikafuata karatasi. Birika, mara nane, visamaki havikuja. Nikaenda kukaa kwenye duka la kahawa, dakika ishirini, ikazidi. Nikampigia dadangu nikamwambia tisa. Akasema shahidi wa pili yuko wapi, nikasema Riyadha, akamtafuta, na mzee akaja na kanzu yake ya sherehe imelowa jasho akakaa na mimi mpaka alfajiri bila kusema neno, na asubuhi tukavuka Mokowe tukapanda basi, na niliongezewa dozi na nikalala siku nne. Maulidi iliisha bila mimi. Nilikasirika kwamba vifaa havikutosha, mpaka mzee akasema kwenye boti ya kurudi, "Ulizima mashine kabla haijakwama."

Hayo ni maneno manne, siku ile alizidisha.

Hii tisa niliyomwambia dadangu ni namba yetu. Kila siku baada ya alasiri anapiga, haulizi dawa umemeza, haulizi sauti, anauliza ngapi, na mimi nasema kutoka sifuri mpaka kumi moyo ulivyo mzito. Chini ya tano tunaongea mambo ya nyumbani. Tano mpaka saba anakuja. Juu ya hapo karatasi. Kuna siku nilimdanganya nikasema tatu wakati ilikua sita, akaja hivo hivo, akasema tatu yako ya kweli huwa inakuja na matusi.

Amepiga sasa hivi nikiwa naandika, mikono ina grisi simu imechafuka yote. Nikamwambia nne. Akasema ya kweli? Nikamwambia ya kweli, na wewe unanichelewesha kazi, mashine ya watu iko wazi. Akasema haya, ukija pitia mkate wa mofa.